Nakala ya Saba

Ndugu zangu wa Kathonzweni, mnanijua. Mimi ni Nduku, mwenye kibanda cha kopi pale sokoni. Nawatolea nakala za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na barua za chifu. Nakala ni karatasi inayofanana na ya kwanza kwa kila herufi na kila muhuri, na mashine yangu haijawahi kuacha hata nukta. Nilijivunia jambo hilo sana. Siku hizi nikiisikia ikinguruma, moyo hunienda mbio.

Jumapili ile tulikuwa tumemaliza kuvuna ndengu, kanisa limejaa, watu wana furaha. Ndila akasimama kutoa ushuhuda. Alikuwa na kiu isiyoisha na kizunguzungu, akaenda hospitali, akapimwa, akaandikiwa dawa, na sasa alikuwa mzima. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Neno "kupimwa" halikutuingia hata kidogo.

Jumatatu Ndila akaja kibandani na karatasi yake ya dawa, akina mama wakimfuata.

"Nduku, tolea hawa wamama kopi," akasema. "Bwana amenitendea, siwezi nyima mtu."

Nikatoa saba. Moja ilichukuliwa na dada yangu Mwongeli, aliyekuwa akisumbuliwa na kizunguzungu tangu mavuno.

"Si uende upimwe kwanza?" nikamuuliza.

"Nipoteze siku mzima kwa laini? Karatasi si ni ile ile? Wewe mwenyewe unasema mashine yako haikosei."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka! Huko duka la dawa alikokwenda, hakuna aliyemuuliza jina.

Jumatano mchana mume wake, Musembi, akanipigia simu. "Nduku, kuja haraka. Mwongeli ameanguka kwa shamba. Nikimwita hasikii."

Nilimkuta amelowa jasho, anatetemeka, meno yamebana. Jirani akatubeba kwa pikapu hadi kituo cha afya. Njia nzima Musembi alikuwa akisema, "Mama watoto, niangalie. Niangalie tu." Hakumwangalia. Nilidhani tunabeba maiti.

Daktari alimdunga kidole, akapima, akashtuka. "Sukari imeshuka kabisa. Amekunywa dawa gani?"

Musembi akatoa karatasi kwenye leso ya mkewe. Daktari akaisoma huku akimtundikia maji ya sukari.

"Huyu ndiye Ndila?"

"Hapana, daktari. Anaitwa Mwongeli."

"Sasa mbona anakunywa dawa ya Ndila? Hii ni ya kushusha sukari, na huyu hana ugonjwa wa sukari. Ukimwangalia macho, ni damu imepungua." Kisha akaigeuza karatasi. "Na hii ni kopi. Ziko ngapi huko nje?"

Nikamwambia nilitoa saba. Hata Mwongeli alipofumbua macho na kuuliza kama watoto wamekula, sikuweza kufurahi. Nilikuwa nawaza zile sita.

Tulizunguka nyumba kwa nyumba, mimi na Ndila, naye akilia njia nzima. Nakala moja ilikuwa ndani ya Biblia. Mama mwingine alitufokea kwamba tunamwonea wivu baraka yake, lakini akaitoa. Pamoja na ya Mwongeli, tukapata sita.

Ya saba ilichukuliwa na mgeni mwenye kitambaa cha kijani kichwani, aliyekuja kumtembelea mtu hapa akarudi kwao, mji wa Salama. Hakuna anayelijua jina lake. Nimeuliza kila mahali, na usingizi umenihama.

FUNZO

Nakala ina kazi yake. Peleka ya cheti shuleni, ya kitambulisho ofisini. Lakini dawa huandikiwa mwili wa mtu mmoja aliyepimwa, na mwili wako hauna nakala. Msigawane karatasi za dawa, hata kwa upendo, hata kanisani. Na sisi wenye mashine, tusome kabla ya kubonyeza.

Nawe dada wa kitambaa cha kijani, haya yakikufikia, tazama juu kabisa ya karatasi yako. Mashine yangu ilinakili kila kitu, hata jina. Hilo jina si lako. Tafadhali, weka hizo tembe chini, uende upimwe.