Salamu kutoka Jukwaa la Trenggalek

— Zima hiyo takataka, Ratri. Nitatapika juu ya hariri za watu.

Hesti alisema hivyo huku amebana pua, utadhani muziki una harufu. Dukani hapakuwa na mteja. Mimi na yeye tulikuwa tunauza vitambaa vya kebaya, blauzi za sherehe, sokoni Tulungagung, spika ilikuwa moja, na kila asubuhi ugomvi ni uleule: nani aunganishe simu yake.

— Takataka ni huyo wako, nikamjibu. Mwanaume mzima na gitaa lake, ananong'ona kama ana mafua. Anamaliza kuimba hata hujui kama alianza.

— Angalau anaimba vitu vya maana. Hao wako je? Ngoma zinagongwa ovyo, dada kavaa nguo ya kumbana, wazee wazima wanapanda jukwaani kumtunza huku wanakata viuno. Kinyaa kitupu!

— Usiwatukane Puspa Brantas mbele yangu.

— Nawatukana. Dangdut ni muziki wa madereva wa malori.

— Kwani madereva wa malori hawana masikio?

Orkes Puspa Brantas, bendi yangu ya dangdut, nawapenda tangu nasoma. Wakipiga uwanja wowote wa karibu, mimi nilikuwa mbele kabisa, pale ngoma inapokugonga kifuani. Nilikuwa narudi nyumbani na matope mpaka magotini, sauti imenikauka, na mama ananisema mpaka nalala. Yote hayo yaliisha nilipochumbiwa na Galih, mwenye duka la matairi. Galih aliniambia mwanamke anayeingia kwenye ukoo wao haonekani kwenye viwanja vya orkes. Nikaacha. Kwa mapenzi nikaacha, mjinga mimi, nikabaki kuwatazama kwenye simu.

Nilichomwomba kilikuwa kimoja tu: Puspa Brantas waje wapige kwenye harusi yetu. Akakataa. Akasema muziki ule unamchefua, yeye anataka magitaa mawili na binti wa kuimba taratibu. Aliyempa wazo hilo la magitaa ni nani? Hesti.

— Harusi yangu, muziki unachagua wewe, nikamwambia.

— Mas Galih aliniuliza, nikamshauri. Mtu na akili zake hawezi kuleta kelele zile mbele ya wakwe.

— Hujawahi kuwasikiliza hata siku moja.

— Nasikia vya kutosha humu dukani.

— Basi leo utasikiliza vizuri. Wimbo mmoja tu, mpaka mwisho. Ukiisha, ukisema bado ni takataka, namwambia Galih alete magitaa yake na sitafungua mdomo tena.

Hesti akacheka, akavuta kigoda.

— Umekwisha wewe. Weka.

Asubuhi ile walikuwa wamepandisha video mpya, ya Jumamosi, uwanja wa Trenggalek. Sikuwa nimeiona bado. Nikaweka simu juu ya meza ya kukatia vitambaa, nikaongeza sauti.

— Usimwangalie mwimbaji, nikamwambia. Sikiliza mkono wa kushoto wa mpiga ngoma. Unasikia anavyouvuta? Ngoma inalia, inapanda, halafu wote wanaangukia pamoja. Hapo. Hapo! Nywele hazijakusimama?

Mwimbaji alikuwa ametokea na gauni la kijani, na Hesti macho yamemtoka.

— Hii ni ya wapi?

— Trenggalek.

— Zima.

— Hatujafika hata katikati! Umeanza kuupenda nini?

— Ratri, zima, kichwa kinaniuma!

Akanyoosha mkono achukue simu. Nikaiwahi, nikaishika juu, nikadhani ni utani wetu wa kila siku. Bendi ikashusha sauti, kama wanavyofanya siku zote katikati ya wimbo, ili mwimbaji asome salamu ambazo watu wamempelekea jukwaani.

— Salamu kwa vijana wa Karangan! Salamu kwa mama yetu Bu Tumini, muuza tahu ya kukaanga! Na salamu kwa kaka yetu Mas Galih wa matairi wa Tulungagung, pamoja na mpenzi wake, dada yetu Mbak Hesti wa vitambaa vya kebaya! Mapenzi yenu yadumu! Mas, mbona unajificha nyuma ya spika? Panda, panda!

Akapanda. Galih wangu, anayechefuliwa na dangdut, akapanda na noti mkononi, mabega yanakwenda na ngoma bila kukosea pigo hata moja. Nyuma yake, ameshika shati lake asipotee kwenye watu, alikuwa Hesti.

Nikairudisha nyuma. Nikasikiliza tena.

— Salamu nazo wanazirekodi? Hesti akauliza.

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza. Hakusema nisamehe wala si mimi. Mtu yeyote anayependa orkes anajua salamu hazikatwi. Watu wanazituma makusudi ili shemeji aliyeko Taiwan na dada aliyeko Hong Kong wasikie majina yao yakiitwa nyumbani. Hesti aliudharau ule muziki kiasi kwamba hata hilo hakulijua. Alidhani jina likishatajwa uwanjani limekwenda na upepo.

— Nani aliyepeleka majina?

— Mimi. Yeye hakujua mpaka aliposikia.

— Kwa nini?

— Nilitaka mara moja tu niitwe na yeye mbele za watu.

Kuna kuumia, na kuna kuchefukwa. Mimi nilichefukwa. Huyu mtu nilikuwa nakula naye wali wa pecel kwenye jani moja. Nilimwangalia midomo, nikakumbuka kijiko changu anachokitumia kila siku, nikatamani kusukutua. Nikampigia Galih, nikaweka sauti ya nje.

— Sayang, mpenzi wangu, umekula? akaitika.

— Bado. Jumamosi ulikuwa wapi, Mas?

— Si nilikwambia? Malang, kufuata matairi. Nimerudi nimechoka, acha tu.

— Basi Puspa Brantas wametoa video mpya. Ulisikia?

— Ratri, jamani, asubuhi yote hii? Nimekwambia ule muziki unanichefua.

Nikasogeza simu kwenye spika, nikamwachia salamu yake yote. Kwa nyuma nilisikia pampu ya upepo na mfanyakazi wake akimwita.

— Akina Galih wako wengi, akasema mwishowe.

— Wenye matairi Tulungagung?

— Mtu anaweza kupeleka jina lolote jukwaani! Kuna watu wananionea wivu.

— Na viuno vyako pia wamevipeleka hao wenye wivu? Nakuona hapa, Mas. Unacheza vizuri sana. Sikujua.

Akakata. Hesti alikuwa analia, ametazama sakafu.

— Kweli ule muziki nauchukia, akasema. Sikudanganyi. Kila nikitoka kule natapika. Nilikuwa nakwenda kwa sababu yake.

— Toka dukani, Hesti.

— Ratri...

— Toka, kabla sijatapika mimi.

Mchana ujumbe wake uliingia, nikausoma nimesimama: "Sikupanga. Alisema wewe huendi tena viwanjani, kwa hiyo hakuna atakayetuona." Hapo ndipo nilipoelewa vizuri. Haikuwa heshima ya ukoo. Alinitoa uwanjani ili nafasi ibaki wazi.

Jumapili Galih akaja nyumbani na mama yake, wamevaa batiki zao bora, wamebeba sinia la jadah, ule wali wa kunata unaopelekwa kwa binti ili wachumba nao wanatane. Nilipouona unavyong'aa, nikaangalia pembeni.

— Nduk, binti yangu, mama yake akaniambia kwa sauti ya kubembeleza, kijana akicheza jukwaani si dhambi. Kadi zimeshagawiwa. Ndugu wa Surabaya wameshakata tiketi za treni. Unataka watu waseme nini?

— Waseme ukweli, Bu. Tena umerekodiwa.

— Lakini mwanaume kabla hajaoa...

— Bu, mama yangu akamkatiza, mkono mmoja umeshasukuma sinia. Jadah yako ukirudi nayo utaikuta bado laini. Hapa hakuna wa kunatana.

Galih alikuwa ameinama. Nikamgeukia.

— Niambie kitu kimoja, Mas. Kwa nini uliniambia unauchukia? Tungeupenda wote wawili. Tungekuwa mbele pamoja, na matope yetu. Mimi nilikuwa natafuta hicho tu.

Akapangusa uso. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza hajajiandaa kudanganya.

— Ningesema naupenda, ungetaka twende wote.

Mama yake mwenyewe akageuka kumtazama. Mimi nilicheka, kicheko kibaya, huku machozi yananitoka. Nilikuwa nimempenda huyu. Nilikuwa nimekaa ndani Jumamosi zangu zote nikimpikia supu ya rawon ili akirudi kutoka "Malang" aikute ya moto.

Akaona ninavyolia, akadhani nalainika. Akasogea, akapiga magoti pale kwenye mkeka.

— Ratri, nisikilize. Magitaa basi. Nawaleta Puspa Brantas. Bendi nzima, jukwaa kubwa, kuanzia asubuhi mpaka watu wachoke. Nimeshaongea na kiongozi wao, ile tarehe yetu wana nafasi. Utachagua nyimbo zote wewe, na ukitaka kupanda jukwaani, panda. Si ndicho ulichokuwa unaomba?

Ndicho hasa. Niliomba hivyo jikoni kwao, niliomba kwenye simu, niliomba mpaka nikaonekana mtoto. Na sasa ninapewa na mtu ambaye nikimtazama shati nauona mkono wa Hesti umelishika.

— Nashukuru, Mas, nikamwambia. Mwaka mzima nimekuomba bendi. Leo umeileta, na sasa asiyevumilika ni bwana harusi.

Nikavua pete, nikaibandika juu ya jadah. Ikanata.