Mpini wa Mninga

Zama zile pembe za ndovu ziliposhuka pwani mabegani mwa watu, na nguo na ushanga zikapanda bara kwa njia ile ile, msafara wa mji wa Ibelele ulikuwa ukirejea kwao Unyamwezi na wapagazi arobaini. Mbele alitangulia kirangozi Mihambo, kavaa ngozi ya mbega na manyoya ya mbuni kichwani. Nyuma alikuja Nyanso binti Kasanda, mpishi wa msafara, na chungu chake kikubwa. Babaye alikuwa mhunzi mashuhuri. Lakini kwao mwanamke hakuruhusiwa kuingia kiwandani mwa wahunzi, na yote aliyoyajua Nyanso aliyaona utotoni kupitia nyufa za ua.

Porini rugaruga, wapiganaji wanaopora misafara, wakawavamia kwa bunduki zao za gobori. Watu wa Ibelele walitupa mashoka na nusu ya mizigo, wakakimbia hadi korongo lenye daraja la kamba nne za ngozi ya mbogo, nene kama mkono. Walipovuka wote, Mihambo akachomoa kisu cha kale, urithi wa babu yake, akaanza kukata. Kamba mbili zilikatika. Ya tatu ilipofika nusu, mpini mkongwe ukapasuka, chuma kikamchana kiganja. Wakajaribu mikuki, iliteleza tu juu ya ngozi ile. Ng'ambo, vumbi la adui lilikuwa likishuka kilima.

"Tukimbie!" alisema Kapela, msaidizi wa kirangozi.

"Na majeruhi sita tumwachie nani?" Mihambo akauliza.

Nyanso akatua chungu. "Baba kirangozi, nipe kisu hicho."

"Chuma si kazi ya wanawake," Kapela akafoka. "Utatuletea mkosi!"

"Mkosi huo unashuka kilima, kaka yangu. Niwashie moto."

Mihambo akampa, na wapagazi wakawasha moto.

Nyanso akatwaa mwiko wake wa mninga, aliopewa na mamaye siku ya kuolewa, akauvunja kati ya mawe mawili. Hakutaka mti mbichi, maana mti mbichi hukauka ukalegea. Akauzungushia ubapa wa kisu kaniki iliyolowa maji, makali yasiharibiwe na joto, kisha akautia motoni msuka, ule ulimi wa chuma unaoingia mpinini. Ulipoiva mwekundu, akaukandamiza kwenye kiini cha mti. Moshi ukafuka. Akauchomoa, akaupasha tena, akaurudisha; mara nne, kidogo kidogo, mti usipasuke. Risasi ya kwanza ikabandua jiwe karibu naye. Hakuinua kichwa. Alivua kikuku cha waya wa shaba mguuni, akauzungusha waya shingoni mwa mpini uwe noleo, pete ya kuubana mti, akaukaza kwa meno. Alipotazama juu, aliona mgongo wa Kapela: amesimama mbele yake na ngao.

"Tayari," alisema.

"Mkono wangu wateleza kwa damu," Mihambo akajibu. "Kata wewe, mwanangu."

Wakaenda wawili, Kapela akimkinga. Adui watano walikwisha kukanyaga daraja. Kamba ya tatu ilipokatika, daraja likapinduka, nao wakarudi nyuma wakitambaa na kupiga mayowe. Mpini haukucheza hata kidogo. Ya nne ikalia kama upote wa upinde, na daraja lote likaporomokea korongoni.

Walipofika Ibelele, mtemi alimwita Nyanso barazani. "Binti Kasanda, chagua: ng'ombe au pembe."

"Mtemi, naomba nafasi kiwandani."

Wahunzi wakanung'unika. Ndipo Kapela akasimama. "Mimi nilimwambia ataleta mkosi. Angenisikiliza, wanangu wangekuwa mayatima leo."

Mhunzi mkuu, mzee mwenye macho mekundu ya moshi, akamwuliza Nyanso swali moja tu: "Uliupasha msuka mara ngapi?"

"Nne."

"Babako angepasha tano," alisema mzee, akacheka. "Njoo kesho asubuhi."

Wapagazi walitunga nyimbo za kumsifu Mihambo, na ndizo zilizobaki vinywani mwa watu. Nyanso hakuzisikia nyingi. Kelele za nyundo kiwandani zilikuwa kubwa mno.