Plagi ya Kaka

"Sindano, umefika?"

"Niko mlangoni, Mkuu."

"Ingia. Chomoa umeme, utoke."

Sauti ileile sikioni. Amri ileile. Mara ile aliyetegwa alikuwa kaka yake; alichomoa, kaka akakata roho mikononi mwake, na ripoti ikasema wamechelewa. Tangu hapo marehemu hakumpa nafasi. Alimsikia bafuni, alimsikia kwenye lifti, na sasa yuko nyuma ya bega lake: Mdogo wangu, tulia.

Akaupiga mlango teke.

Jaji alikuwa kitandani, hajitambui kwa dawa ya usingizi. Mama wa watu alikuja zahanati kupimwa presha tu, kumbe wasafirishaji wa sumu aliotaka kuwahukumu kesho yake walishamtangulia. Walikuwa wamempachika chipu ndogo chini ya ngozi ya mkono, yenye kimeng'enya, kemikali ya kugeuza dawa yake ya presha kuwa sumu. Waya mwembamba ulitoka kwenye chipu hadi kwenye kisanduku kilichochomekwa ukutani. Taa ya kijani inapepesa.

Pembeni, fundi wao.

Bastola ya Sindano ikamwelekea usoni. Akainua mikono, akarudi nyuma, akakiacha kisanduku wazi.

"Haya dada, umeshinda. Chomoa tu, mama wa watu apone."

"Chomoa!" Mkuu akafoka sikioni. "Unangoja nini?"

Mkono ulishafika kwenye plagi.

Mbona huyu haogopi? Anaitazama plagi huku akimeza mate, kama mtu anayesubiri kupakuliwa chakula.

Sindano akauondoa mkono. Umeme haukuwa unakiamsha kimeng'enya. Umeme ndio uliokilaza! Ukikatika tu, kinaamka.

Basi mara ile hawakuchelewa. Mungu wangu. Kaka alikuwa hai mpaka alipochomoa.

Fundi akairukia plagi.

Pah!

Fundi akaanguka ameshika bega, anapiga mayowe.

"Mkuu, nitumie daktari wa upasuaji. Na mtu yeyote asiguse umeme."

Daktari akaitoa chipu huku taa ikiendelea kuwaka. Jaji akafumbua macho.

"Nimelala sana, mwanangu?"

"Kidogo tu, mama."

"Kazi safi," Mkuu akasema sikioni. "Umejuaje?"

"Kaka hakufa kwa kuchelewa, Mkuu. Ulisema nichomoe, nikachomoa."



Akakitoa kidude sikioni, akakitumbukiza kwenye ndoo ya taka. Akavaa miwani ya jua, akashuka ngazi bila haraka. Nyayo za kaka zilimfuata, ngazi kwa ngazi. Moyo ulimuuma vibaya sana.

"Nisamehe, kaka," alisema kwa sauti.

Watu wa mapokezi wakageuka kumtazama. Yeye akapita zake, akatoka nje kwenye jua.