Hodi Kifuani

Kilichomshtua mke kwanza ni kicheko. Mumewe, fundi wa vioo, hakuwa mtu wa kucheka. Mtaani walimwita Sawa Tu, maana hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila jambo. Mtoto kazaliwa, sawa tu. Mama yake mzazi kazikwa, sawa tu. Na sasa, asubuhi kweupe, alikuwa bafuni akicheka peke yake, na chini ya mlango ikipenya harufu ya nywele zilizoungua.

Alitoka, akambeba binti yao begani. "Umependeza, mke wangu," akasema.

Mke alifurahi, aibu iliyoje! Alijiambia mvumilivu hula mbivu. Mpaka mchana mmoja alipompelekea chakula karakanani, akamkuta anakata kioo kwa ukucha, taratibu, huku anaimba, na katika vioo vyote vya kujitazamia vilivyoegemezwa ukutani kila kitu kilionekana, meza, mlango, yeye mwenyewe na bakuli mkononi, kila kitu isipokuwa fundi.

Alikimbilia kwa shangazi yake, na shangazi akaja nyumbani na mganga.

"Umeingiaje humu?" mganga aliuliza, kamshika fundi kichwa.

"Kwa adabu," ilijibu sauti nzito kinywani mwa fundi. "Nilipiga hodi kifuani mara tatu. Hakuna aliyeitikia. Nikaona nyumba haina mwenyewe."

Mganga alijifuta jasho. "Mama, siwezi kumfukuza mgeni wakati mwenyewe kanyamaza. Mumeo ndiye aseme toka. Mwite."

Mke alipiga magoti, akamshika mikono, akaikuta ya baridi, akamwita, akamlilia, akamwita tena, mpaka kwa mbali, kama inatoka kisimani, ikaja sauti kavu aliyoizoea.

"Nakusikia. Abaki, aondoke, naona ni yale yale."

"Sema neno moja tu, mume wangu! Kwa ajili ya mwanao!"

"Nimetafuta sababu ya kulisema," ilijibu. "Sijaiona. Sawa tu."

"Basi mwanangu, mfukuze wewe," shangazi alinong'ona. "Mke naye ni mwenye nyumba."

"Anaweza," mganga alisema, "kama kweli anamtaka yule wa zamani."

Mke akafungua kinywa. Binti akamvuta gauni.

"Mama, usimfukuze. Yule mwingine hajawahi kunibeba."

Mke aliutafuta moyoni upendo wake kwa yule mwingine. Aliutafuta kwa hofu, kama anayepapasa ufunguo gizani, na miaka yote ya sawa tu ilikuwa imeukausha. Alichoka. Alichoka kupita kiasi.

"Abaki," alisema. "Sawa tu."

Mganga alikunja mkeka wake, akatoka na shangazi bila kuaga. Mume akamnyanyua binti begani, wakaenda uani wanacheka. Mke alibaki sakafuni, na hapo akasikia, ndani ya kifua chake mwenyewe, kidole kikigonga polepole, kwa adabu.

Alitaka kuitikia kwamba mwenyewe yumo. Sauti haikutoka. Hodi ya pili ikapigwa.