Kichwa cha Treni Kilichoitwa Nakiete

Enzi za Mwingereza, stesheni ya Same ilichangamka kila treni ilipoingia. Siku ile Yudith alikuwa amekalia kigoda cha mama yake aliyeumwa miguu, akiuza ndizi. Kijana mmoja mwenye masizi mpaka kwenye kope akamjia mbio.

"Dada, nipe zilizoiva sana. Dereva wangu hana meno."

"Na wewe unayo?"

Akacheka, yote yakaonekana. Yudith akarekebisha kitambaa chake cheupe kichwani, akamwongezea ndizi moja. Kijana hakuila. Alimpa mzee aliyekuwa amekaa kwa uchovu juu ya mizigo yake, na Yudith akaliona hilo.

Aliitwa Hezroni, mtu wa Ngujini, mchochea moto wa treni. Kila alipopita Same alishuka, mwanzoni kwa ajili ya ndizi, baadaye hata kuzitazama hakuzitazama. Kabla ya mvua za vuli alikwisha kuuliza njia ya kwenda kwao Yudith kupeleka posa.

Jioni moja wakiwa wamesimama pamoja, kichwa cha treni kikubwa cheusi kikaingia kikihema kutoka Makanya. Katika karatasi za reli vichwa vya namna ile viliitwa Klasi Ishirini na Sita. Lakini wapagazi wakapaza sauti: "Nakiete huyoo! Nakiete amefika!"

Yudith akashtuka. "Mbona wanakiita hivyo?"

"Reli nzima, mpenzi, Tanga mpaka Moshi! Jina nilitoa mimi."

"Kwa nini?"

"Hukioni? Kinene, kizito, kina..."

"Nakiete ni mama yangu."

Hezroni akaziba mdomo. Kwao mkwe hatajwi jina hata kwa kunong'ona, naye amelitia vinywani mwa watu wa reli yote! Yudith akajitwika ungo wake, akaondoka bila kuaga.

Nyumbani alimweleza mama yake huku akilia. Mama, mwanamke mnene kweli, alimsikiliza mpaka mwisho. "Mwite," akasema. "Nataka kumsikia mwenyewe."

Jumapili Hezroni akaja na shangazi yake, shati limepigwa pasi, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, unene wangu umekukosea nini?"

"Mama, mwaka juzi nilishushwa hapa na homa. Muuza ndizi mmoja alinilaza kivulini, akaninywesha uji mpaka nikaweza kusimama. Wenzake walimwita kwa jina lile. Nilipopewa vichwa hivi nikaona vinapanda na mizigo ya watu wote, havimwachi mtu njiani. Nikavipa jina lake. Sikujua ana binti."

"Ni wewe uliyenitapikia uji kwenye kanga?"

"Ndimi, mama."

Mama akacheka mpaka kigoda kikalia. Yudith, mlangoni, akajifuta machozi.

"Ungeanza na uji, baba wewe, siyo na unene!"

"Ulinikatiza, Yudith." Akamgeukia mama. "Nitawakataza wenzangu wasilitaje tena."

"Utaikataza reli nzima? Waache, limenipendeza. Ila wewe, mkwe wangu, usilitamke."

Aliposema mkwe, shangazi akapiga kigelegele.

Basi wapagazi na madereva wakaendelea na Nakiete wao. Tanga mpaka Moshi, mtu aliyetumia jina la serikali alikuwa mmoja tu.

"Klasi Ishirini na Sita imefika, mke wangu," Hezroni alikuwa akisema, uso mkavu kama bwana stesheni, naye Yudith akijishika mbavu kwa kicheko.