Tangazo Lililofutwa

Kila siku baada ya masomo, Hafidha wa darasa la sita alipitia kwenye kampuni moja ya kusindika matunda, Makurunge, kumsubiri mama yake warudi nyumbani pamoja. Kazi ya mama yake, Bi Zuleha, ilikuwa kuweka matangazo kwenye tovuti ya ndani, ile ambayo hufunguliwa na wafanyakazi peke yao. Humo husoma matangazo, huomba likizo na kutazama picha za shughuli zao.

Alasiri moja Bi Zuleha aliinuka. "Nakwenda kuswali. Usiguse kompyuta, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Hata mlango haujafungwa sawasawa, Hafidha alikwisha kushika kipanya. Alitaka kuona picha za harusi ya Adila, karani wa mapokezi. Akabonyeza huku, akabonyeza kule, mara maandishi mekundu yaliyokuwa juu ya ukurasa yakatoweka. Alikuwa ameyasoma alipoingia: TANGI LIMETIWA DAWA. MSINYWE MAJI YA BOMBA LEO.

Alibonyeza tena na tena, hayakurudi. "Nikinyamaza, nani atajua?" alijiuliza.

Mara akasikia sauti nje ya dirisha. Abdulazizi, mtunza ghala wa zamu ya jioni, alikuwa amekinga chupa kwenye bomba.

"Si wamesema maji hayanyweki?" mwenzake, Shuaibu, alimuuliza.

"Maneno ya watu tu. Nimefungua tovuti sasa hivi, hakuna tangazo lolote."

Chupa ikapanda mdomoni. Hafidha alitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki mlangoni. "Usinywe! Tangazo lilikuwepo! Nimelifuta mimi!"

Abdulazizi aliganda, kisha chupa ikamponyoka. Bi Zuleha, aliyekuwa akirudi kutoka kuswali, aliyasikia yote. Alikimbilia kompyuta, akaliweka tangazo upya na kupigia simu kila idara. Alhamdulillahi, hakuna aliyekuwa amekunywa.

Meneja, Mzee Muhidini, aliwaita Hafidha na mama yake.

"Shikamoo," Hafidha alisema kwa sauti ya kilio.

"Marahaba. Watu mia mbili wanauamini ukurasa ule, mwanangu. Umekosea kuugusa, na mama yako amekosea kuuacha wazi."

"Ni kweli, mzee. Nimekosa," Bi Zuleha alisema.

"Lakini ungenyamaza kwa kuogopa kugombezwa, sasa hivi tungekuwa hospitali na Abdulazizi. Ukikosea, sema papo hapo, kabla kosa lako halijamdhuru mtu."