Ujumbe Kutoka Kichuguuni

Maiti ya Remigius ilikutwa saa moja asubuhi, imenasa kwenye matete ya Mto Kilombero. Kisogoni ilikuwa na jeraha. Viganja vilikuwa vimekamata matete kwa nguvu hata askari wakalazimika kuyakata.

"Pigo halikumuua," daktari alimwambia Inspekta Restuta. "Amekufa maji, alfajiri ya leo. Alijishikilia hapa saa nyingi."

Restuta alipandwa na hasira. Mtu aning'inie majini usiku kucha, asitafutwe?

Jibu alikuwa nalo mjane, Febronia, na lilikuwa linamtafuna.

"Alinitumia ujumbe, afande. Jana saa kumi jioni." Akamwonyesha simu: NIMEFIKA KAMBINI SALAMA. "Mradi wa samaki ulimpa kile kifaa cha setilaiti, maana mtoni hakuna mtandao. Nikaridhika. Nimelala, afande, mume wangu yuko majini!"

"Ujumbe huu aliuandika mwenyewe?"

"Umo tayari ndani ya kifaa. Ni kubonyeza kitufe tu, wavuvi wenzake wote wanajua."

Chini ya ujumbe kulikuwa na kiungo cha ramani ambacho Febronia hakuwahi kukigusa. Restuta alikifungua. Nukta nyekundu haikuwa kwenye kambi ya Remigius. Ilikuwa ng'ambo ya mto, hatua mia kutoka majini, kwenye kambi ya Kasmiri, aliyemsimamia Yosefina, mtoto wa marehemu, ubatizo.

Kasmiri alikuwa anaanika nyavu.

"Shikamoo, afande. Nimesikia. Nimelia mpaka basi."

"Marahaba. Uko na nani hapa?"

"Peke yangu, wiki ya pili sasa."

"Remigius alipita jana?"

"Sijamtia machoni."

Restuta alitoa simu, akaitazama kwa kero. "Hapa mtandao mnaupatia wapi?"

"Kichuguu kile, afande. Panda mpaka juu kabisa."

Alipanda, akafungua tena ile ramani. Nukta nyekundu ilikuwa chini ya buti zake.

"Kasmiri, njoo." Akamgeuzia simu. "Ujumbe wa marehemu ulitumwa hapa niliposimama. Kifaa kile hakihitaji mnara wala kichuguu. Kinataka anga tupu. Ungebonyeza ukiwa mtoni, ningeamini ni yeye. Ila ulizoea kupanda."

Kasmiri alikaa chini kama gunia.

"Kiko wapi?"

"Chini ya majivu, jikoni."

"Kwa nini?"

"Alinikuta namwaga sumu bwawani. Samaki wanakotagia. Akasema Jumatatu nikajitaje mwenyewe, la sivyo atanitaja yeye. Mtu niliyemsimamia mwanawe! Nikampiga kwa pondo la mtumbwi."

"Na ujumbe?"

"Wasije kumtafuta upesi." Alijifuta pua. "Na mama Yosefina asihangaike. Nilidhani ameshakufa."

"Alikuwa hai mpaka alfajiri. Wangetoka jana jioni, wangemkuta."



Askari aliyefuatana na Restuta alikifukua kifaa, akakipangusa majivu, akakiwasha. Kilitafuta setilaiti kidogo, kisha kikalia. Kulikuwa na jibu, la jana saa kumi na robo, ambalo halijasomwa.

"Usinisomee, afande," Kasmiri alisihi.

Restuta hakumhurumia hata chembe. Alisoma kwa sauti, polepole.

"Haya, baba Yosefina. Umenitoa wasiwasi. Msalimie Kasmiri ukimwona, mwambie mtoto anamuulizia."